Salum Abdallah: sauti ya Morogoro iliyosafishwa upya

Kila tunapopiga wimbo wa Salum Abdallah kwenye zilipendwa, simu kutoka Nachingwea na Ruangwa huwa za aina mbili. Wazee wanashukuru, vijana wanauliza mbona sauti inakwaruza. Wote wana haki. Kwa muda mrefu tulikuwa tunapiga nakala ya nakala, iliyotoka kwenye kaseti ikaingia kwenye memori kadi, na kila ilipohama ilipoteza kitu. Sasa tunapiga toleo lililosafishwa, nasi tumeona tuwaandikie maisha ya mwenye sauti hiyo.

Salum Abdallah Yazidu, ambaye wapenzi wake walimfupisha wakamwita SAY, alizaliwa Morogoro mwaka 1928. Katika ujana wake santuri za ng'ambo zilikuwa zikifika huku, na zilizopendwa sana ni zile zenye herufi GV, zilizobeba muziki wa Cuba. Muziki huo ulimteka. Husimuliwa kwamba alitoroka nyumbani hadi Mombasa akitafuta meli ya kumfikisha Cuba kwenyewe. Hakuipata, akarudi. Kwa maoni yetu hiyo ilikuwa bahati ya Tanganyika, maana alichokikosa ng'ambo alikitengeneza nyumbani.

Mwaka 1948 alianzisha bendi ya La Paloma, na mwaka 1952 akaja na Cuban Marimba, iliyompa jina kubwa. Bendi za namna hii ndizo wazee wetu waliziita jazi. Msichanganye na jazi ya Wamarekani Weusi wa New Orleans. Huku kwetu neno hilo lilimaanisha bendi ya dansi, yenye magitaa, ngoma na mara nyingi tarumbeta au saksafoni. Ndiyo maana tulikuwa na Morogoro Jazz, Dar es Salaam Jazz, Kilwa Jazz. Salum alichukua rumba, cha-cha na bolero, akaziimbia Kiswahili ambacho hata mtu asiyewahi kuona gitaa alikielewa.

Nyimbo zake nyingi zilitoka kwa lebo ya Mzuri, ya Assanand wa Mombasa. Kwa hiyo mji aliokwama akitafuta meli ndio uliomsambaza Afrika Mashariki nzima. Santuri za zamani zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulibeba dakika 3 hivi. Wimbo ulilazimika kuisha kabla haujachosha. Zikianguka zilivunjika kama sahani.

Novemba 1965 Salum alifariki kwa ajali ya gari Morogoro, hajatimiza hata miaka 40. Juma Kilaza akaiongoza Cuban Marimba. Januari 1979 barabara ikamchukua Mbaraka Mwinshehe naye, kule Kenya. Mji mmoja, waimbaji wawili.

Zaidi ya miaka 30 baada ya kifo cha Salum, lebo ya Dizim ya Ujerumani ilikusanya nyimbo zake za miaka ya 1955 hadi 1965 kwenye CD iitwayo Ngoma Iko Huku. Kusafisha rekodi kama hizo si kuongeza besi tu. Kwanza inatafutwa nakala iliyochakaa kidogo kuliko zote. Inasafishwa, inachezwa kwa sindano inayoendana na mifereji yake, na kwa kasi sahihi, kwa sababu ikizidi kidogo tu mwimbaji anakuwa na sauti ya mtoto. Kisha mikwaruzo inaondolewa na kompyuta. Hapa ndipo fundi hupimwa: akizidisha, anaondoka na manyanga na pumzi ya mwimbaji, wimbo unabaki kama umeimbiwa ndani ya blanketi.

Sisi tulipoweka toleo safi kwa mara ya kwanza tulilirudia mara tatu. Gitaa la nyuma, ambalo kwenye nakala yetu lilikuwa mngurumo tu, lilikuwa linajibizana na mwimbaji muda wote.

Kama nyumbani kwenu kuna santuri za aina hiyo, zile nzito zinazovunjika, msizifute kwa spiriti. Spiriti huyeyusha utomvu zilizotengenezewa, na mifereji haitarudi tena. Tumieni kitambaa laini kikavu, zisimamisheni wima mbali na jua, wala msizipange moja juu ya nyingine.