Miaka Saba Malta, Miaka 67 Karema

Najua kuna mmoja wenu anasoma hii akiwa na barua ya chuo cha nje ndani ya simu. Alama zako za KCSE zilikuwa sawa lakini hazikufika za udaktari wa hapa, au zilifika ila karo ndiyo ikakataa. Halafu wakala akakutumia picha: jengo la vioo, theluji, wanafunzi wamevaa koti nyeupe wakicheka. Hapa Mwihoko, mzee ameanza kuongea juu ya kuuza ile ploti. Mama hajasema kitu, na wewe unajua akinyamaza hivyo maana yake ni nini. Majirani nao tayari wanakuita daktari, na hata viza hujaomba.

Mimi si mtu wa kukupa ushauri wa masomo. Niliacha chuo mwaka wa pili na sasa kazi yangu ni kuandika tu. Lakini kuna mzee mmoja aliyekufa 1956, na naona ukimjua utaisoma hiyo barua yako kwa jicho lingine. Anaitwa Adrien Atiman. Magharibi mwa Tanzania, kando ya Ziwa Tanganyika, ni jina kubwa. Hata Dar es Salaam kuna nyumba ya wamisionari iliyopewa jina lake, Atiman House. Huku kwetu Thika Road ndiyo hatumjui.

Atiman hakuzaliwa Tanganyika. Alizaliwa karibu mwaka wa 1866 huko Tundurma, kando ya mto Niger, si mbali na Timbuktu, katika nchi ambayo leo tunaiita Mali. Akiwa bado mtoto mdogo alitekwa na Watuareg waliokuwa wakiuza watumwa. Wakamvusha jangwa la Sahara mpaka upande wa Algeria. Hebu fikiria mtoto wa rika la wale unaowaona asubuhi na mabegi mgongoni wakingoja basi la shule. Huyo ndiye aliyetembezwa jangwani ili auzwe.

Miaka hiyo ya 1870 walimnunua mapadri Wakatoliki wa shirika la White Fathers, waliokuwa wakinunua watoto watumwa na kuwapa uhuru. Shirika hilo lilianzishwa Algiers mwaka wa 1868 na Askofu Mkuu Charles Lavigerie. Wakampa chakula, jina jipya na shule.

Sasa sikiza jinsi udaktari ulivyoingia. Kuanzia 1878 Lavigerie alikuwa akituma wamisionari huku kwetu, eneo la Maziwa Makuu, nao walikuwa wakifa kwa homa. Kupata daktari Mzungu wa kukaa huko ndani ilikuwa shida. Kwa hivyo akapanga kitu tofauti: achukue wavulana Waafrika waliokombolewa, awasomeshe tiba, kisha awapeleke bara wakae kama watu wa huko, waoe huko, wazeeke huko. Mwaka wa 1881 akafungua taasisi yao katika kisiwa cha Malta, katikati ya bahari ya Mediterania. Huko Malta udaktari ulikuwa ukifundishwa tangu 1676. Isitoshe, Kimalta ni lugha iliyotokana na Kiarabu, na hawa wavulana walitoka Algeria.

Atiman akawa mmoja wa waliochaguliwa. Simama hapo kidogo. Hakuna wakala aliyempigia simu, wala hakuna kikao cha familia cha kujadili ploti. Uamuzi ule ulifanywa na watu waliomlisha. Wewe unalala usiku ukigeuka kitandani kwa sababu una nafasi ya kukataa. Najua ni mzigo, lakini yeye hakupewa hata huo mzigo.

Alikaa Malta kutoka 1881 mpaka 1888. Miaka saba. Kipindi hicho tiba yenyewe ilikuwa inabadilika kama simu za siku hizi. Mwaka wa 1880, kule Algeria alikotoka, daktari Mfaransa Alphonse Laveran alikuwa ameona kimelea cha malaria ndani ya damu. Mwaka wa 1887, Atiman akiwa bado mwanafunzi, daktari wa jeshi la Uingereza David Bruce aligundua hapo hapo Malta bakteria wa ile homa tunayoiita brusela, ile unayoambiwa utaipata ukinywa maziwa bila kuchemsha. Lakini habari ya maziwa ilikuja kujulikana 1905. Kwamba malaria inaletwa na mbu ilithibitishwa 1897. Eksirei ni ya 1895. Yaani siku Atiman anamaliza masomo, hapakuwa na mwalimu yeyote duniani ambaye angemfundisha mambo ambayo leo mtoi wa darasa la sita hapa Mwihoko anayajua kuhusu neti ya mbu. Alichobeba ni msingi na mazoea ya kuangalia mgonjwa vizuri. Mengine angeyapata kazini, au asiyapate.

Mwaka wa 1888 akapanda meli na wamisionari mpaka Zanzibar, kisha bara. Ni mwaka huo huo Pwani ya Tanganyika ilipoanza kuwaka kwa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani. Kutoka Pwani mpaka Ziwa Tanganyika ni zaidi ya kilomita elfu moja kwa miguu. Akafika Karema mwaka wa 1889, kijana wa miaka ishirini na kitu, kwenye ngome ambayo Wabelgiji waliijenga 1879 na kuwaachia mapadri 1885.

Karema haikuwa picha ya wakala. Dawa zilikuja vichwani mwa wapagazi kutoka Pwani, mwendo wa miezi. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka wa 1914, na hata hapo bado ilibidi uvuke sehemu kubwa ya ziwa kuja kusini. Dawa ikiisha, imeisha. Ukikwama na mgonjwa, hapakuwa na mkubwa wa kumpigia simu usiku. Biashara ya watumwa, ile ile iliyomtoa kwao, ilikuwa bado hai kandokando ya ziwa. Aliwatibu watu ambao kidonda chao cha kwanza kilikuwa sawa na chake.

Na hakwenda. Hii ndiyo sehemu inayonikaa kichwani. Alimwoa msichana wa Wabende, Agnes Wansahira. Mwanao Joseph akaja kuwa padri. Atiman alitibu watu chini ya utawala wa Wajerumani, ikaja Vita Kuu ya Kwanza, wakaja Waingereza, akaendelea. Mwaka wa 1946 simulizi ya maisha yake, aliyoisimulia mwenyewe, ilichapishwa katika jarida la Tanganyika. Penisilini ilianza kutumika duniani yeye akiwa mzee wa karibu miaka themanini. Alikufa Karema mwaka wa 1956, akikaribia tisini, miaka mitano tu kabla Tanganyika ipate uhuru.

Piga hesabu. Miaka saba chuoni, miaka 67 kazini.

Sisi hesabu yetu tumeigeuza. Tunakesha tukijadili ile saba: jiji gani, bweni lina joto la kutosha, picha zitatoka aje. Ile 67 hakuna anayeiuliza. Utatibu wapi? Watu wa huko watakukubali? Cheti chako kitatambulika? Atiman alifika mahali ambapo hapakuwa na baraza la madaktari la kukagua karatasi zake. Wewe unaporudi Kenya kuna KMPDC, baraza linalosimamia madaktari, na aliyesomea nje hufanya mtihani wao kabla ya kuingia mafunzo ya kazi hospitalini. Chuo kisipotambuliwa na baraza, lile jengo la vioo halikusaidii. Hiyo ndiyo simu ya kwanza ya kupiga, kabla hata ya kumpigia mnunuzi wa ploti.

Angalia pia kwamba Atiman hakusomeshwa bure, hata kama hakulipa shilingi. Lavigerie alitaka daktari ambaye pia ni katekista, akae pale alipotumwa. Hilo ndilo lililokuwa karo. Kila anayekulipia ana lake. Mjomba akilipa, atataka uwe wa kumsaidia watoto wake. Serikali ya nje ikilipa, soma masharti yote, hata yale ya herufi ndogo. Ploti ikilipa, basi wadogo zako ndio wamelipa, kwa sababu ile ploti ilikuwa yao pia. Sikwambii ukatae. Nakwambia ujue ni nani anakudai kabla hujapanda ndege.

Halafu dunia nayo ina mambo yake. Mwaka wa 2020 China ilifunga mipaka kwa sababu ya korona, na wanafunzi Waafrika wa udaktari wakabaki kusomea kwenye simu, kitu ambacho huwezi kukifanya kwa mgonjwa. Mwaka wa 2022 wenzao walikimbia Ukraine kwa miguu mpaka mpakani, mabomu nyuma yao. Usidhani basi kubaki nyumbani ndiyo salama: mwaka wa 2024 madaktari wa hapa waligoma siku 56, na moja ya sababu ilikuwa madaktari wanafunzi waliokosa kupelekwa hospitalini na malipo yao kukatwa. Barabara hii yetu ya Thika ina udaktari KU, JKUAT na MKU. Kusomea hapa ni miaka sita. Huenda jibu lako liko safari ya matatu moja tu, huenda haliko.

Na wapo waliokwenda wakarudi vizuri. Njoroge Mungai, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Afya wa kwanza wa Kenya huru, alisomea udaktari Stanford, Marekani. Aliporudi alifungua kliniki, moja yao hapo Thika. Naye alijua anarudi wapi.

Kwa Kikuyu, Mwihoko ni tumaini. Waliopaita hivyo nadhani walikuwa wametoka mbali na kununua kipande kidogo cha ardhi wakiamini kuna kitu kitatoka. Mzee wako ni mmoja wao. Ndiyo maana yuko tayari kuuza, na ndiyo maana mama amenyamaza.

Kwa hivyo leo jioni, kabla mzee hajaongea na dalali, kaa na mama. Usimwonyeshe picha za theluji. Mwambie unataka kuwa daktari wa nani na wapi, ukiwa na miaka arobaini, ukiwa na sitini. Kama una jibu, hata kama bado linatetemeka, toeni ile barua muisome pamoja polepole. Kama huna, wacha ploti ikae kwanza. Barua za vyuo hutolewa kila mwaka. Ploti ya Mwihoko ukiiuza hairudi.