Elliott P. Joslin

Elliott Proctor Joslin (6 Juni 1869 – 28 Januari 1962) alikuwa daktari kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa kuwafundisha wagonjwa wa kisukari kupima sukari na kurekebisha wenyewe kipimo cha insulini.

Maisha

Alizaliwa mjini Oxford, katika jimbo la Massachusetts. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Yale, kisha akahitimu udaktari Harvard mwaka 1895. Mwaka 1898 alianza kutibu wagonjwa mjini Boston. Mama yake mwenyewe aliugua kisukari.

Wakati huo hapakuwa na dawa. Wagonjwa walipunguziwa chakula hadi kukonda sana ili waishi muda mrefu kidogo, na watoto wengi walifariki. Mwaka 1916 Joslin alitoa kitabu kuhusu tiba ya kisukari, na mwaka 1918 akatoa kingine kwa ajili ya madaktari na wagonjwa pia.

Matumizi ya insulini

Insulini iligunduliwa mjini Toronto, Kanada, mwaka 1921. Joslin alianza kuitumia Agosti 1922. Dawa hiyo iliokoa maisha, lakini ilihitaji uangalifu: ikizidi, sukari hushuka na mgonjwa anaweza kuzimia, ikipungua, sukari hupanda. Mahitaji hubadilika pia kulingana na chakula na kazi za mwili.

Kwa sababu hiyo Joslin aliona kwamba mgonjwa asiyeelewa ugonjwa wake hawezi kutibiwa vizuri. Aliwafundisha wagonjwa kupima sukari katika mkojo na kubadilisha kipimo cha sindano. Alifananisha tiba na gari la farasi watatu: lishe, insulini na mazoezi.

Mabishano

Baadhi ya madaktari walipinga masharti yake, wakisema inatosha mgonjwa asiwe na dalili. Joslin aliamini kwamba sukari iliyo juu kwa miaka mingi huharibu macho, figo na neva, ingawa ushahidi wa wakati huo haukumaliza ubishi.

Alifariki akiwa na umri wa miaka 92. Mwaka 1993 utafiti uliofanyika Marekani na Kanada, wenye washiriki 1,441, ulithibitisha kwamba kudhibiti sukari kwa karibu hupunguza madhara hayo. Washiriki waliodhibitiwa hivyo walitumia sindano tatu au zaidi kwa siku, au pampu ya insulini, huku vipimo vyao vikirekebishwa mara kwa mara.

Kituo cha kisukari mjini Boston kinaitwa kwa jina lake.