Bi. Sarah, dobi aliyetajirika kwa kopo la mafuta ya nywele

Nimezoea kuandika hapa habari za ardhi, bandari na siasa zetu, na leo huenda wakatokea wa kuniuliza nywele zimeniingiaje. Nitawajibu kwamba nywele ni pesa, tena pesa nyingi, na ni afya pia. Tembea Mombasa, nenda Malindi, fika mpaka Lamu: saluni hazihesabiki, na kila saluni ina rafu iliyojaa chupa na makopo. Hewa yetu ya bahari ina unyevu, na mwenye nywele za mawimbi anazijua taabu zake. Asubuhi amezichana zikalala, ikifika adhuhuri zimefura na kuwa timutimu kama hazikuguswa. Mtu akishachoka na hali hiyo, hununua chochote atakachoambiwa.

Biashara hii ya kulaza nywele za watu weusi ina watu walioijenga, na aliyejulikana zaidi ni mwanamke wa Marekani aliyekufa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Dunia inamjua kwa jina la Madam C. J. Walker. Jina alilopewa na wazazi wake ni Sarah Breedlove.

Alizaliwa tarehe 23 Desemba 1867 karibu na kijiji cha Delta, katika jimbo la Louisiana, kwenye shamba la pamba. Baba yake Owen na mama yake Minerva walikuwa watumwa wa shamba hilohilo. Utumwa ulikuwa umekwisha miaka michache tu kabla, na Sarah ndiye mtoto wa kwanza wa nyumba ile kuzaliwa huru. Uhuru wenyewe ulikuwa wa jina. Waliendelea kulima pamba ileile, na alipofika miaka saba mama na baba wote walikuwa wameshakufa. Akalelewa na dada yake, Louvenia, wakavuka mto Mississippi kwenda mji wa Vicksburg kutafuta kazi za nyumbani. Mume wa dada yake alikuwa mkali. Sarah akaolewa akiwa na miaka 14, akapata binti mmoja, Lelia, mwaka 1885, na miaka miwili baadaye akawa mjane. Hakuwa amefika hata miaka ishirini na moja.

Akamchukua mtoto wake, akaenda St. Louis, ambako kaka zake walikuwa vinyozi. Huko akawa dobi, na kazi hiyo aliifanya kwa karibu miaka kumi na minane. Alifua nguo za watu kwa mkono, katika mapipa ya maji ya moto, kwa malipo ya dola moja na kitu kwa siku. Ninataka msomaji aikumbuke kazi hii, kwa sababu watu wengi wanaosimulia habari zake huruka haraka mpaka kwenye jumba la kifahari. Miaka kumi na minane ya mvuke na sabuni ya magadi. Katika mshahara huo ndimo alimotoa ada ya kumsomesha Lelia mpaka chuo.

Hapo ndipo nywele zake zilipoanza kunyonyoka. Kichwa kilikuwa na mba na vidonda, na sehemu nyingine utosini zilibaki wazi. Hakuwa peke yake. Wanawake wengi maskini wa wakati ule hawakuwa na maji ya bomba nyumbani, waliosha nywele mara chache mno, chakula chao kilikuwa duni, na vitu walivyouziwa vya kupaka kichwani vilikuwa vikali vya kuchoma ngozi. Kwa hiyo tatizo la kwanza la Sarah lilikuwa ugonjwa wa ngozi ya kichwa. Kulaza nywele kulikuja baadaye, na nadhani ukilikosa jambo hili utamfahamu vibaya maisha yake yote.

Mwaka 1904 hivi alianza kuuza bidhaa za mwanamke mwingine mweusi, Annie Turnbo, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Annie Malone na kampuni yake ikiitwa Poro. Huyu Bi. Annie alimtangulia. Mwaka 1905 Sarah akahamia Denver, huko milimani, akawa mpishi wa mwenye duka la dawa huku akitembeza mafuta ya Bi. Annie nyumba kwa nyumba. Haikupita muda akaanza kuchanganya ya kwake. Januari 1906 akaolewa na Charles Joseph Walker, mtu wa matangazo ya magazeti, na kutoka kwake akachukua jina la biashara. Neno Madam alilitanguliza mwenyewe, maana wenye saluni za Kizungu wakijiita hivyo, na pia katika nchi ile mwanamke mweusi wa umri wowote aliitwa kwa jina lake la kwanza kama mtoto.

Dawa yake iliitwa Wonderful Hair Grower. Ndani yake mlikuwa na nini? Vaselini, nta ya nyuki, mafuta ya nazi, kibiriti upele, mrututu kidogo na manukato ya maua kufunika harufu. Bibi zetu wangesikia orodha hiyo wangecheka, kwa kuwa hakuna kitu hapo ambacho hawakijui. Kibiriti upele ndicho kilichotibu mba na vidonda. Yeye alisimulia kwamba alioteshwa dawa hiyo, akajiwa usingizini na mtu mweusi mkubwa aliyemwambia achanganye nini, na kwamba vingine vilitoka Afrika. Mimi ndoto hiyo naiweka kwenye hesabu ya matangazo. Kibiriti upele kilitumika kutibu ngozi karne nyingi kabla yake, na Bi. Annie alilalamika gazetini hukohuko Denver kwamba anaigwa. Uhasama wao haukwisha. Sioni haja ya kumficha Sarah katika hili: alijifunza kwa mtu, kisha akampita kwa kujua kuuza.

Na kuuza alijua. Aliosha nywele za mteja bure, akampaka, akamwonyesha, kisha ndipo akamuuzia kopo. Hakusema nunua tu. Alifundisha utaratibu: osha kichwa mara kwa mara kwa shampuu, paka dawa kwenye ngozi, kisha tia mafuta mepesi yaitwayo Glossine na upitishe chanuo la chuma lililopashwa moto. Watu wengi husema chanuo hilo alilibuni yeye. Si kweli. Lilikuwa likiuzwa Ulaya na Marekani tangu karne ya 19, wakati yeye bado anafua nguo.

Hapa nisimame kidogo, maana chanuo hili ndilo lililomletea lawama. Viongozi wengi wa watu weusi, wachungaji na wenye magazeti, walisema wanaolaza nywele wanataka kufanana na Wazungu. Walker alikataa kuitwa mlaza nywele, akasema kazi yake ni kuzitunza na kuziotesha, na muda wote wa uhai wake hakuuza dawa ya kujichubua ngozi. Wateja wake lakini walilitaka chanuo, naye akawauzia. Sisi wa Pwani tusijifanye hakimu katika kesi hii. Tuna maneno yetu wenyewe, singa na kipilipili, na kila mtu anajua katika hayo mawili ni lipi husifiwa anapoposwa binti na lipi hutumika kuchekea mtu.

Chanuo la moto lina tabia moja. Joto hulegeza kamba ndogondogo ndani ya unywele zinazoshikana kwa maji, unywele unanyooka, na ukikutana na unyevu tena unarudi ulivyokuwa. Ndiyo sababu Ferry na jasho lake hukuharibia kazi ya saluni. Dawa za kisasa za kutia nywele hukata kamba nyingine, zilizo imara zaidi, na hizo hazirudi mpaka nywele mpya ziote. Zile za kulainisha zinazopakwa kisha kuchomwa kwa pasi, baadhi yake hutoa hewa ya fomaldehaidi, yaani ileile inayotengenezewa fomalini ya kuhifadhia maiti. Mwaka 2022 watafiti wa taasisi ya afya ya serikali ya Marekani walitangaza matokeo ya kufuatilia wanawake 33,497. Waliotumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walikuwa na hatari kubwa zaidi ya saratani ya mji wa mimba kuliko wasiotumia. Bado ni ugonjwa wa wachache, lakini tofauti ilikuwa ya zaidi ya mara mbili. Kwa hivyo dada yangu mwenye nywele za mawimbi anayetaka zilale kwa ajili ya harusi, asome maandishi madogo nyuma ya chupa kabla ya picha ya mbele. Chupa isiyoandikwa kilichomo irudishwe rafuni. Na mafuta ya nazi yanayopakwa kabla ya kuosha huupunguzia unywele kupoteza nguvu yake, jambo ambalo limepimwa maabara, ingawa mama zetu hawakungoja maabara.

Turudi kwa Walker. Mwaka 1908 alifungua chuo cha kufundishia mawakala Pittsburgh, akakipa jina la binti yake. Mwaka 1910 akahamia Indianapolis, mji wa njia nyingi za reli, akajenga kiwanda. Na mume? Wakaachana mwaka 1912. Mawakala wake wakafika maelfu, wanawake waliokuwa wapishi, mayaya na madobi, ambao sasa walishika pesa zao wenyewe mkononi.

Mwaka huohuo wa 1912 alikwenda Chicago kwenye mkutano wa wafanyabiashara weusi ulioongozwa na Booker T. Washington, mwenye chuo cha Tuskegee. Mzee huyu hakutaka kumpa nafasi ya kusema. Siku ya mwisho Walker alisimama bila kualikwa akawaeleza wanaume wale alikotoka, kwenye pamba, kwenye pipa la nguo, na jikoni kwa watu, na kwamba kiwanda chake amekijenga kwenye ardhi yake mwenyewe. Mwaka uliofuata Washington alimwalika jukwaani kwa heshima zote.

Pesa yake hakuifungia. Alitoa dola 1,000 kwa jengo la YMCA la watu weusi mwaka 1911, akawalipia wanafunzi karo, na mwaka 1919 akaahidi dola 5,000 kwa kampeni ya kupinga watu weusi kuuawa na magenge. Mwaka 1917, baada ya mauaji ya East St. Louis, alikuwa katika ujumbe uliokwenda ikulu kumwona Rais Wilson, naye hakuwapokea. Mwezi huo wa Agosti alikusanya mawakala wake wapatao mia mbili Philadelphia, na wale wanawake wauza mafuta wakampelekea rais simu ya maandishi kumtaka azuie mauaji hayo.

Jumba lake kando ya mto Hudson, Villa Lewaro, lilichorwa na msanifu mweusi, Vertner Tandy. Alihamia mwaka 1918 na hakulikalia mwaka. Shinikizo la damu na figo vilimshinda, na madaktari walimwambia apumzike asipumzike. Alifariki tarehe 25 Mei 1919, akiwa na miaka 51. Magazeti yalimwita milionea. Mali yenyewe ilikisiwa karibu dola 600,000, ambayo kwa wakati ule ilikuwa utajiri mkubwa. Katika wasia aliagiza theluthi mbili za faida itakayopatikana zipelekwe kwenye sadaka, na kampuni isiongozwe ila na mwanamke.

Baada ya kifo chake kampuni ilianza kuuza dawa ya kung'arisha ngozi, ile aliyoikataa. Lakini ilijenga pia kitu kingine. Alipokuwa hai aliwahi kwenda kuangalia sinema Indianapolis akadaiwa senti 25, kwa kuwa mweusi, mahali ambapo tiketi ilikuwa senti 10. Akaushtaki ukumbi ule. Mwaka 1927 jengo la kampuni lilifunguliwa mjini humo likiwa na kiwanda, saluni, duka la dawa na ukumbi wa sinema ndani yake. Jengo hilo lipo hadi leo.