Peter Craven: Chali Mfupi wa Liverpool Aliyetawala Dunia na Nduthi Isiyo na Breki

Wasee wa nduthi, hebu piga picha hii. Unapewa pikipiki ya cc 500. Haina breki. Gia ni moja tu. Tanki limejaa methanoli, si petroli. Unaambiwa zunguka uwanja wa changarawe mara nne na wenzako watatu, na kwa kona unateleza kando mguu wa kushoto ukiwa chini. Mguuni umevaa kiatu cha chuma ndio soli isiishe. Huo mchezo unaitwa speedway, na miaka ya 1950 na 1960 ulikuwa unajaza viwanja Uingereza noma sana.

Sasa kati ya wote waliopanda hizo mashine, kuna jamaa mmoja ambaye ukimtaja Manchester hadi leo, wazee wanatoa kofia. Anaitwa Peter Craven.

Craven alizaliwa Liverpool mwezi Juni 1934. Mwili haukuwa wa kutisha mtu: alikuwa na urefu wa futi 5 hivi. Ukimpata stejini ungedhani ni mtoto ametumwa kuangalia pikipiki ya baba. Lakini huo udogo ndio ulikuwa siri. Wakati wengine walikuwa wanavutana na mashine kwa nguvu, yeye alikuwa anaicheza na mwili wote, anainama huku, anahamisha uzito kule, na nduthi inamfuata tu. Mashabiki wakambatiza jina la Mchawi wa Balansi.

Alianza kujitafuta kwao Liverpool, halafu 1952 akaingia Belle Vue Aces ya Manchester. Hii haikuwa timu ya mtaani. Belle Vue ilikuwa inakimbizia Hyde Road, uwanja uliokuwa ndani ya bustani kubwa ya starehe, na kando yake kulikuwa na wanyama wa kuonyeshwa. Familia ilikuwa inaenda kuona tembo mchana, jioni inageukia pikipiki.

Miaka mitatu tu baadaye, 1955, chali akaingia fainali ya dunia Wembley, London. Fainali ya enzi hizo haikuwa mchezo: madereva 16, mbio 20, kila mtu anakutana na kila mtu. Nafasi ya kwanza pointi 3, ya pili 2, ya tatu 1, wa mwisho anaenda nyumbani na vumbi. Craven akawapiga wote. Bingwa wa dunia akiwa na miaka 21.

Shida ni kwamba alikuwa amezaliwa kwa kizazi cha moto. Kulikuwa na Ove Fundin na Björn Knutsson kutoka Swideni, halafu Barry Briggs na Ronnie Moore wa Nyuzilandi. Hao wanne pamoja na Craven walibeba kila taji la dunia kuanzia 1954 hadi 1967. Hakuna mtu mwingine alionja. Walikuwa wanatesa hadi kwa ligi ya Uingereza wakaamuliwa waanzie yadi 20 nyuma ya wengine, ndio angalau mbio ziwe na maana.

Craven alisota miaka saba akitafuta taji la pili. Alilipata 1962, tena hapo hapo Wembley. Ikachukua zaidi ya miaka 50 kabla Mwingereza mwingine, Tai Woffinden, kufikisha mataji mawili ya dunia.

Halafu ikafika Septemba 1963. Wiki moja tu baada ya fainali ya dunia ya mwaka huo, ambayo Fundin alishinda, Belle Vue walienda Edinburgh, Skotlandi, kwa mechi ya kirafiki uwanja wa Meadowbank. Ilikuwa Ijumaa tarehe 20. Hakukuwa na taji, hakukuwa na pointi za ligi. Katikati ya mbio, dereva wa wenyeji, George Hunter, akaanguka mbele yake.

Hapo ndipo unakumbuka hiyo mashine haina breki. Kusimama haiwezekani. Ama unamkanyaga mwenzako, ama unakata kona na kubeba kitakachokuja. Craven alikata. Akaenda moja kwa moja kwa uzio.

Hunter alinusurika na akaendelea kukimbiza pikipiki miaka mingi. Craven alilazwa hospitalini na majeraha ya kichwa, na tarehe 24 Septemba akafariki. Alikuwa na miaka 29, na aliacha mke na watoto wawili. Msimu huo huo, Belle Vue wakachukua ubingwa wa ligi bila yule aliyewabeba muda wote huo.

Hyde Road wenyewe haupo tena, ulifungwa 1987. Lakini Aces bado wako Manchester, na tangu 2016 wana uwanja mpya mtaa wa Gorton. Kwa miaka mingi klabu imekuwa ikiandaa mbio za kumkumbuka Craven, na madereva waliozaliwa miongo kadhaa baada ya yeye kufa wamezipigania. Kombe lina jina lake, na mashine zao bado hazina breki.