Albert Champion: Bingwa wa baiskeli aliyepoteza jina lake kwa plagi

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani Kalamba, kule Makueni, wakati Corolla ya mjomba ilipoanza kukohoa. Asubuhi unapiga staata mara nne ndipo lishike, na likishika linatetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa. Ukifika kwenye mlima kidogo tu, linakata nguvu. Na ni msimu wa maembe, gari ndilo linalofikisha kreti sokoni Wote. Isitoshe, Jumatatu susu alikuwa na kliniki.

Fundi wetu wa sokoni alikuwa amesafiri kwa Krismasi. Mjomba akaingia nyumbani, akatoka na boksi nne ndogo, akanikabidhi. Alikuwa amenunua plagi mpya. Sasa, mwanawe wa dada ambaye amesomea magari Nairobi atashindwaje kuzibadilisha?

Hapo ndipo jasho liliponitoka. Kuna kitu nilikuwa sijamwambia mtu yeyote kule nyumbani. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilipokwama. Nilikuwa nimechora injini kwenye daftari mara nyingi, nimepita hata mtihani wake, lakini plagi ya gari sikuwahi kuifungua kwa mikono yangu. Hata moja.

Kwa bahati injini ilikuwa moto, na plagi hazifunguliwi injini ikiwa moto. Kichwa cha injini nyingi ni cha aluminiamu, na chuma hiki kikiwa na joto ni rahisi kuharibu nyuzi za tundu. Kwa hivyo nilikuwa na saa mbili za kusubiri. Nikakaa chini ya mwembe na simu yangu, na kwa sababu boksi zilikuwa zimeandikwa Champion, nikaanza kuchimba. Maisha yangu yote nilidhani hilo ni neno la kujisifu tu, kama vile mtu anavyoita duka lake Bingwa Hardware. Kumbe ni jina la mtu.

Albert Champion alizaliwa Paris, Ufaransa, mwaka 1878. Hakuwa mtoto wa wenye nazo. Baba alifariki Albert akiwa bado mdogo, na kwa kuwa ndiye aliyekuwa kifungua mimba, shule haikukaa sana. Akaingia kazini angali kijana, akitumwa huku na kule kama tarishi kwa mtengenezaji wa baiskeli.

Enzi hizo baiskeli Ulaya ilikuwa ndiyo mpango mzima. Mashindano yalijaza viwanja, na mshindi alilipwa pesa ambazo kibarua hangeziona kwa miezi. Champion akapanda baiskeli, na ikaonekana wazi kwamba kijana ana mapafu na ana roho ngumu. Mchezo wake mkubwa ulikuwa ule wa kukimbia nyuma ya chombo kingine: unajibana mgongoni mwa baiskeli ya watu wengi au pikipiki, inakukatia upepo, nawe unakanyaga kwa kasi ya kutisha. Ukiteleza, umekwisha.

Mwaka 1899, akiwa na miaka 20, alishinda Paris–Roubaix. Hayo ni mashindano ya takriban kilomita 260, yakipita kwenye barabara za mawe yanayovunja mgongo, na hadi leo yanaendeshwa kila mwaka. Hebu fikiria kutoka Kalamba hadi Nairobi, kisha ugeuze urudi, kwa baiskeli ya karne ya 19. Kwa wapenzi wa baiskeli, ushindi huo peke yake ungetosha jina lake likumbukwe.

Lakini mwaka uliofuata alivuka bahari hadi Marekani. Alifika upande wa Boston, akakimbia mashindano ya uwanjani, na huko ndiko alikokamatwa na ugonjwa wa injini. Pikipiki zilizokuwa zikimtangulia uwanjani zilikuwa mashine changa zenye visirani vingi. Zilizima katikati ya mbio, zikapiga makofi, zikagoma kuwaka. Na mara nyingi tatizo lilikuwa kwenye cheche.

Hapa nieleze kidogo. Plagi ni kitu cha ukubwa wa kidole. Chini ina ncha mbili zilizoachana kwa nafasi ndogo, kama unene wa sarafu. Umeme wa volti maelfu kadhaa unaruka hiyo nafasi, cheche inatoka, mchanganyiko wa petroli na hewa unalipuka, pistoni inasukumwa. Injini ya kawaida ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila plagi inapiga cheche mara 25 kwa sekunde. Katikati kuna kaure nyeupe, ndugu ya kikombe cha chai, ya kuzuia umeme usipotee njiani. Kaure hiyo inakaa kwenye moto na kutikiswa mfululizo. Siku zile ilipasuka ovyo, na ikipasuka, safari imeisha.

Champion alikuwa anaishi kwa kasi, na kasi ikamdai. Mwaka 1903 alikuwa akiendesha gari la mashindano la Packard kwenye uwanja wa Brighton Beach, New York, alipopata ajali mbaya. Mguu ulivunjika vibaya, na ulipopona ukawa mfupi kuliko mwenzake. Mwanabaiskeli mwenye mguu mmoja mfupi! Wengi wangeuza baiskeli na kuanza kulilia Mungu.

Yeye alirudi mazoezini. Akarudi pia Ufaransa, na kwa mguu huohuo akashinda ubingwa wa taifa wa mbio za nyuma ya pikipiki. Ila alijua hesabu yake. Mwili ulikuwa umempa onyo, na hangekanyaga milele. Akatumia pesa na majina aliyoyajua Paris kuanza kuingiza Marekani vifaa vya umeme vya injini, plagi zikiwemo.

Mwaka 1905 kampuni yenye jina lake ikafunguliwa Boston. Hela zaidi zilitoka kwa ndugu wawili wa familia ya Stranahan. Hakuwa mhandisi wa vyeti, lakini alikuwa mtu aliyejua, kwa makovu yake mwenyewe, plagi mbaya inamfanya nini mtu aliye kwenye mwendo.

Sasa sikiliza sehemu iliyonifanya niinue kichwa kutoka kwa simu. Mwaka 1908 Champion alikutana na William Durant, tajiri wa magari ya Buick, mwaka uleule ambao Durant alianzisha General Motors. Durant alihitaji plagi za kuaminika kwa magari yake. Champion akaachana na Boston, akahamia mji wa Flint, jimbo la Michigan, na kuanzisha kiwanda kipya.

Lakini ile kampuni ya Boston haikufa. Akina Stranahan walibaki nayo, na walibaki na jina pia. Mwaka 1910 waliipeleka Toledo, Ohio, wakawa wanatengeneza plagi zinazoitwa Champion, bila Champion mwenyewe ndani. Ford Model T, gari lililowafikia watu wa kawaida kuliko jingine lolote wakati huo, likawa linatumia plagi zao. Jina la marehemu babake, jina alilolibeba kwenye mawe ya Roubaix, sasa lilikuwa la watu wengine kisheria.

Basi akabaki na herufi mbili. Plagi zake zikaitwa AC, na mwaka 1922 kiwanda chenyewe kikachukua jina AC Spark Plug. Ukiona boksi la ACDelco dukani leo, hiyo AC ni yeye. Kwa hivyo mtu mmoja amekaa kwenye boksi mbili zinazoshindana kwenye rafu moja, moja ina jina lake na nyingine ina herufi zake.

Alijisikiaje, siwezi kukuambia. Ninachoona ni alichofanya: aliendelea kutengeneza plagi. Mwezi Mei 1927, Charles Lindbergh aliporuka peke yake kutoka New York hadi Paris kwa saa 33 na nusu bila kutua, injini yake ya silinda tisa ilikuwa na plagi mbili kwa kila silinda. Zote 18 zilikuwa AC. Cheche za yule tarishi wa Paris zilivuka Atlantiki na kutua nyumbani kwao.

Miezi mitano baadaye, Oktoba 1927, Champion mwenyewe alikuwa ziarani Paris. Alifariki huko ghafla, akiwa na miaka 49.

Nilipomaliza kusoma, boneti lilikuwa limepoa. Nikapuliza vumbi kwanza kuzunguka mashimo, maana vumbi la Kalamba likiingia kwenye silinda litasaga kila kitu. Nikachomoa waya mmoja tu, kwa kushika kofia yake na si kuvuta waya wenyewe. Ukichomoa zote nne pamoja utachanganya mpangilio, na gari litapiga makofi hadi majirani watoke nje. Nikaingiza soketi ya plagi, nikageuza. Ikakataa. Nikaongeza nguvu polepole, ikalia kidogo, ikalegea.

Plagi ya kwanza ilitoka nyeusi tititi, masizi matupu. Plagi yenye afya hutoka na rangi ya hudhurungi au kijivu. Ya tatu ilikuwa na ufa mwembamba kwenye kaure. Ugonjwa uleule wa mwaka 1900, ndani ya Corolla, Makueni.

Kabla ya kufunga mpya nilikagua nafasi kati ya ncha, nikilinganisha na kitabu cha gari. Kila plagi niliizungusha kwa vidole hadi mwisho, bila spana, kwa sababu ikiingia upande na ukailazimisha, umeua kichwa cha injini. Ikishakaa, nusu duara hivi kwa spana, basi. Plagi haihitaji hasira.

Mjomba alipiga staata. Gari likashika mara ya kwanza, likatulia. Akafurahi, akaniita injinia mbele ya susu, na jina hilo likanichoma. Nilikuwa nimekaa saa mbili na mtu aliyeachiwa herufi mbili, na mimi nilikuwa natembea na jina ambalo sikulilipia.

Nikamwambia pale pale, mikono ikiwa na masizi. Kwamba niliacha, lini, na kwa nini. Mjomba alinyamaza muda mrefu, akizima injini na kuiwasha tena kana kwamba anaipima. Kisha akaniuliza kama nitaweza kubadilisha na oili kabla ya Jumatatu.

Susu alifika kliniki mapema. Ile plagi yenye ufa bado ninayo, iko dirishani kwangu Nairobi. Maandishi yamefutika, haijulikani ilikuwa ya kampuni gani.