Bwana William Key na Farasi Wake

William Key alizaliwa mtumwa mwaka 1833 katika jimbo la Tennessee, Marekani. Tangu ujana wake alijua kutuliza wanyama, na watu wa mji wa Shelbyville walimletea farasi na nyumbu walioshindikana. Alipopata uhuru aliishi kwa kuwatibu wanyama na kuuza dawa yake ya kuchua, hata akawa mtu wa mali.

Mwaka 1889 farasi wake jike alizaa mtoto dhaifu, miguu imepinda, kusimama ni shida. Wengi wangalimuua. Key alimtunza, akamwita Jim, kisha kwa miaka kama saba akamfundisha herufi, hesabu na kurudisha chenji, pasipo mjeledi. Thawabu ilikuwa tofaa au kipande cha sukari. (Mimi niliyefundisha miaka mingi fimbo ikiwa mezani, habari hii hunitia haya.)

Mwaka 1897 Rais McKinley alimwona Jim kwenye maonyesho ya Nashville, na mwaka 1904 umati mkubwa ulimtazama huko St. Louis. Wako waliodai kwamba farasi alifuata ishara za siri tu. Huenda, lakini hata ishara hufundishwa, na mzee huyu hakuzifundisha kwa kipigo. Watoto wengi walioyaona hayo walitia sahihi ahadi ya kuwatendea wanyama wema.

Key alifariki mwaka 1909 kwao Shelbyville. Jim alimfuata mwaka 1912.