Simon Kimbangu, mfungwa wa miaka 30 mu muji wetu

Tangu mwaka 2023, tarehe 6 Aprili ni siku ya mapumziko mu Kongo nzima. Hapa Golf masomo yanafungwa, bisi zinazopita asubuhi kuchukua watu wa kazi hazipiti, na watoto wanauliza sikukuu ni ya nani. Tunawajibu kwamba ni ya Simon Kimbangu, kisha tunanyamaza, juu wengi wetu tunafikiri habari yake ni ya watu wa Bas-Congo, ao ya wale wa Kanisa lake tu. Sivyo. Yule mzee alikaa hapa kwetu, mu muji uliokuwa unaitwa Elisabethville, miaka 30. Na mu ile miaka yote hakupita ku soko, hakukaa chini ya muti na rafiki, hakutembea mu avenue hata moja, juu alikuwa ndani ya buloko. Alifika pale kwa neno la tribinali moja iliyomaliza kazi yake mu siku chache. Leo tutaeleza maisha yake, na zaidi ile hukumu, kwani ndani yake njo tunaona ginsi mutu mweusi alikuwa anahukumiwa mu Kongo ya Wabeleji.

Kimbangu alizaliwa Nkamba, kijiji cha Bakongo kisicho mbali na Thysville, ambayo leo ni Mbanza-Ngungu. Kanisa lake linaweka kuzaliwa kwake tarehe 12 Septemba 1887. Baba yake alikuwa Kuyela, mama yake Lwezi. Wazazi walikufa akiwa mtoto, akalelewa na mama mukubwa Kinzembo. Alisoma kwa wamisionere Waprotestanti wa Kiingereza ku Ngombe-Lutete, akajua kusoma Biblia mu luga yake. Tarehe 4 Julai 1915 alibatizwa pamoja na bibi yake, Marie Mwilu. Walizaa watoto watatu wanaume: Kisolokele, Dialungana na Diangienda. Akawa katekista. Hakuwa na mali wala cheo. Alikuwa mutu wa kijiji, wa shamba na wa sala.

Mu ile miaka ugonjwa wa mafua makubwa ulipita dunia yote kisha vita ya 1914-1918, ukaua watu mingi sana mu Bas-Congo. Wengine walikuwa wamekufa mbele yao ku kazi ya reli na ku kubeba mizigo. Kimbangu alisikia ndani yake mwito wa kuponya na kuhubiri, lakini aliogopa. Alikimbia ule mwito, akaenda Léopoldville kutafuta kazi sawa vijana wote wa wakati ule. Alifanya kazi ya mikono ku kampuni ya mafuta ya ngazi, kisha akarudi ku Nkamba, na mwito ukamufuata kule.

Tarehe 6 Aprili 1921, mu kijiji cha Ngombe-Kinsuka, aliweka mikono juu ya mwanamuke mugonjwa aliyeitwa Kiantondo, akasali. Watu walishuhudia kwamba yule mama amepona. Habari ilikimbia kupita moto wa majani makavu. Mu majuma machache njia zote za kwenda Nkamba zilijaa watu: vipofu, viwete, wamama na watoto ku mugongo, wafanyakazi wa reli, watu wa mashamba makubwa. Kimbangu aliwaambia watupe sanamu za uchawi, wabaki na bibi mumoja, waache ngoma za uchafu. Hakuwapa silaha. Hakuwaambia wapige muzungu.

Sasa juu ya nini wazungu waliogopa? Wafanyakazi, someni hapa pole pole. Watu walikuwa wanaacha kazi. Mashamba yalikosa mikono, reli ilikosa watu, hospitali za misioni zilibaki na vitanda vitupu. Wakati ule kuacha kazi haikuwa tu kukosa mushahara. Mu sheria ya kontra ya koloni, mfanyakazi mweusi aliyeacha kazi mbele ya kontra kuisha alikuwa anaweza kufungwa. Baba zetu wa Union Minière walijua vizuri ile sheria: ukikimbia kampi, polisi anakufuata, na mashauri yako yanaishia mu buloko. Kwa hiyo watu maelfu waliotembea kwenda Nkamba bila kuomba ruhusa, hata kama walikuwa wanaimba nyimbo za Mungu tu, machoni pa serkali walikuwa wamekwisha kuasi.

Mwezi wa Mei, administrateur Léon Morel alifika Nkamba kuangalia. Alirudi na maneno kwamba hii dini ya weusi peke yao itageuka kuwa adui ya wazungu. Tarehe 6 Juni 1921 alirudi na maaskari kumukamata nabii. Bunduki zililia, kijiji kikaharibiwa, wengine wakakamatwa, lakini Kimbangu akatoroka katikati ya watu. Alijificha miezi mitatu, akipita kijiji na kijiji, na hakuna mutu aliyemuuza. Mwezi wa Septemba alitoka mwenyewe, akarudi Nkamba mbele ya macho ya wote, akajitoa mu mikono ya waliomutafuta. Walimufunga kamba, wakamupeleka Thysville pamoja na wenzake.

Mu mwezi wa Agosti, wakati angali anajificha, serkali ilikuwa imetangaza utawala wa kijeshi mu ile nchi. Hakukuwa vita. Hakuna muzungu aliyekuwa ameuawa. Lakini kwa lile tangazo, raia wa kawaida alitoka mu mikono ya majuji wa kawaida, akaingia mu mikono ya maaskari. Njo vile Kimbangu na wenzake walisimama mbele ya tribinali ya kijeshi iliyoongozwa na komanda De Rossi.

Tuangalie vizuri ile tribinali. Aliyehukumu alikuwa muzungu, ofisa wa jeshi, mutu wa ile serkali iliyosema imekosewa. Waliohukumiwa walikuwa weusi wote. Avoka hakukuwa. Rufaa hakukuwa. Mutu aliulizwa juu ya maneno ya sala, juu ya nyimbo, juu ya mambo ya Biblia, na kila jibu lilipimwa kama neno la vita. Akisema amefuata amri ya Mungu, inaandikwa kwamba anakataa amri ya serkali. Walimushitaki kuvuruga usalama wa inchi na kutia watu chuki juu ya wazungu. Mashauri yalianza mwisho wa Septemba. Tarehe 3 Oktoba 1921 yalikuwa yamekwisha: fimbo 120, kisha kufa. Wenzake walipata vifungo, wengine vya maisha yote. Kati yao kulikuwa mwanamuke kijana, Mandombe, naye akapewa miaka miwili.

Unaweza kusema: zamani kila mahali ilikuwa vile. Hapana. Hata mu koloni yenyewe, muzungu aliyeshitakiwa alikuwa na juji aliyesoma sheria, na avoka, na njia ya rufaa ku tribinali kubwa. Na hata kati ya wazungu wengine walisikia haya. Wamisionere Waprotestanti waliandika kuomba nabii asiuawe, na mutu wa sheria wa serkali yenyewe aliomba vile vile. Upande mwingine, wazungu wa biashara na magazeti yao walitaka afe, juu kazi zao zilikuwa zimesimama. Mfalme Albert wa kwanza, kule Ubeleji, aliamua mwezi wa Novemba: asiuawe, afungwe maisha yote. Wengine waliita ile huruma. Lakini hukumu haikuvunjwa. Kosa lilibaki ku jina lake, na maisha yake yakaondolewa pole pole, siku moja moja.

Ili asahauliwe, walimutoa mbali na kwao. Katanga njo ilichaguliwa, zaidi ya kilomita 1500 toka Nkamba, pahali watu hawasemi luga yake. Wafuasi wake nao walihamishwa. Kanisa lake linahesabu familia 37000 zilizotawanywa mu majimbo ya Kongo. Serkali ilifikiri inazima moto, kumbe ilikuwa inabeba mbegu na kuipanda kila mahali.

Elisabethville aliyofikia ilikuwa muji wa pande mbili. Upande moja wazungu na nyumba zao, upande mwingine cité ya weusi na kampi za Union Minière, na katikati eneo lililoachwa tupu makusudi. Usiku mutu mweusi asiye na karatasi hakuwa na ruhusa kuonekana ku upande wa wazungu. Hospitali mbili, shule mbili, makaburi mawili. Hata mu buloko muzungu na mweusi hawakulala pamoja. Golf yetu hii inabeba mpaka leo jina la muchezo ambao baba zetu hawakucheza. Kimbangu hakuona chochote mu ile. Yeye alijua ukuta, chumba kidogo, na jiko la gereza, pahali alipikia wafungwa wenzake. Mingi ya ile miaka alifungwa peke yake.

Mu mwezi wa Desemba 1941, wakati yeye ana miaka 20 ndani, wafanyakazi wa Union Minière waligoma juu ya mushahara. Walikusanyika ku kiwanja cha mupira, na tarehe 9 maaskari wakawapiga risasi. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa ajili ya wenzake, alikufa pale. Wengine wengi nao walikufa. Mpoyi hakupata hata tribinali mbaya sawa ile ya Thysville. Mu muji moja, wakati moja, kulikuwa mutu aliyehukumiwa bila haki na watu waliouawa bila kuhukumiwa.

Kule Nkamba, Marie Mwilu alibaki na mzigo wote. Kisolokele, angali mtoto mudogo, alichukuliwa na serkali kupelekwa shule ya Boma. Mama Mwilu alilinda sala kwa siri, usiku, akijua kwamba wimbo moja unaweza kumutia mu buloko. Alikufa mu Aprili 1959, miezi michache mbele Kanisa lipate ruhusa.

Simon Kimbangu alikufa hapa Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951. Hesabuni: toka hukumu mpaka kifo, miaka 30 na siku 9. Alizikwa mu udongo wetu. Tarehe 24 Desemba 1959 serkali ya koloni ilikubali Kanisa lake, na mu Aprili 1960, miezi mitatu mbele ya Uhuru, watoto wake walimuondoa kaburini, wakamurudisha Nkamba. Mwaka 1969 Kanisa la Kimbanguiste liliingia mu Baraza la Makanisa la Dunia. Diangienda, mtoto wa mwisho, aliliongoza mpaka kufa kwake mwaka 1992.

Watu wa Katanga hawakumusahau. Mu miaka ya 1970 Tshibumba Kanda Matulu, mwenye kuchora picha hapa Lubumbashi, alipochora historia ya inchi alimuweka Kimbangu ndani, mbele ya juji wake.

Na sheria? Sheria ilichelewa sana. Mwaka 2011 njo Haute Cour Militaire kule Kinshasa ilifungua tena ile faili, ikavunja hukumu ya 3 Oktoba 1921. Miaka 90 ilikuwa imepita. Juji alikuwa amekufa, mufungwa amekufa, bibi amekufa, watoto watatu wamekufa. Karatasi ilisafishwa, lakini miaka 30 hakuna tribinali inayoweza kuirudisha.

Kwa sisi watu wa kazi, faida ya hii habari haiko paka mu sala. Juji asiwe mutu wa upande moja. Mushitakiwa apate avoka, hata kama hana franka ya kumulipa. Njia ya rufaa ibaki wazi. Haya mambo matatu yanaonekana madogo mpaka siku mtoto wako anakamatwa ku kiwanda ao ku njia ya mgodi. Kimbangu hakupata hata moja. Sikukuu ikifika tena, na mtoto akiuliza ni ya nani, tumujibu mpaka mwisho, na tumuambie kwamba ile buloko ilikuwa hapa.